Mdudu Akionekana Kwenye Polo la Kwanza, Usimfiche



Kuna swali ninaloulizwa karibu kila wiki, hasa mzigo mpya unaposhuka. "Bwana shamba, nimeletewa mahindi kutoka bara, chini ya gunia naona unga unga na vidudu viwili vitatu. Nifanye nini?" Mara nyingi anayeuliza keshafanya. Keshachekecha, keshaanika, na nusu ya mzigo keshauza. Anachotaka kwangu ni nimwambie kuwa hapana tatizo.

Miaka ya nyuma nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Leo nataka kueleza kwa nini nimeacha, na kwa nini naamini kwamba mlango mkubwa wa wadudu kisiwani kwetu uko dukani, siku ile ya kwanza, mwenye mzigo anapomwona mdudu akanyamaza.

Kosa nililolifanya mimi

Kuna bi mkubwa mmoja mwenye duka katika shehia ninayoihudumia huku Kaskazini. Alishushiwa mapolo 30 ya mahindi kwa mashua, kwa bei iliyo chini ya ile ya Mwanakwerekwe. Aliniita kabla hajayafungua yote. Nilitia mkono kwenye polo la kwanza, nikautoa na unga mweupe vidoleni na mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyokoza.

"Mwanangu, ni fukusi tu hawa?" aliniuliza.

Nilikuwa na haraka ya mkutano. Nikamjibu, "Fukusi tu, mama. Chekecha, anika siku mbili, uza mapema."

Akafanya nilivyomwambia. Akawauzia wafuga kuku, akawauzia wanaosaga, na wengine wakachagua punje nzuri nzuri wakaenda kuzipanda. Chenga na unga wa kwenye chekeche ukamwagwa nyuma ya duka. Magunia matupu akayachukua jirani yake akatilia makopa ya muhogo. Baada ya miezi mitatu makopa yale yalikuwa vumbi. Mzee mwingine, aliyekuwa ametundika mahindi yake ya mbegu juu ya jiko, alinionyesha punje zilizotobolewa kama chujio. Msimu ule alikopa mbegu kwa watu.

Mpaka leo hakuna anayejua mdudu yule alikuwa nani. Kwa jinsi makopa yalivyokwisha haraka namshuku dumuzi, lakini sina ushahidi, kwa sababu sikuchukua hata wadudu kumi nikawatia kwenye chupa nikawapeleka kwa wataalamu. Kazi hiyo ingenichukua dakika tano. Yule mzee hakununua hata kilo moja ya mahindi yale, lakini hasara ilimfika yeye.

Dumuzi alivyoingia Tanzania

Anayeona nakuza mambo na aangalie historia ya dumuzi. Mdudu huyu si wa kwetu. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Huku Afrika Mashariki alianza kujulikana mkoani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia pamoja na mahindi yaliyoletwa kutoka nje. Baadhi ya wakulima wa bara walimpa jina la Skania, jina la lori. Mwaka 1984 akaonekana Togo, Afrika Magharibi. Kuanzia hapo amesambaa katika nchi nyingi za bara hili.

Kabla ya dumuzi, mkulima wa Tabora aliweza kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, fukusi akala kiasi na chakula kikafika msimu mwingine. Alipokuja dumuzi, mahindi yaliweza kupoteza hadi thuluthi moja ya uzito wake ndani ya miezi mitatu mpaka sita. Makopa ya muhogo yalikuwa yakipoteza zaidi ya nusu kwa miezi minne. Dawa iliyozoeleka dhidi ya fukusi haikumtosha, ikabidi itafutwe dawa ya unga yenye viambato viwili, na wakulima wafundishwe kupukuchua kwanza ndipo wahifadhi. Kenya na Togo zilijaribu hata kumleta adui yake wa asili kutoka Amerika ya Kati, mdudu anayemla dumuzi. Bado dumuzi yupo.

Fikirini gharama hiyo. Mzigo uliomleta uliliwa ukaisha zamani. Lakini kila msimu, mkulima ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa bado ananunua dawa kwa sababu yake.

Sisi wa Unguja tunalijua jambo hili hata bila dumuzi. Kunguru hawa wanaotuibia vifaranga waliletwa hapa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, watusaidie kula taka za mji. Miaka ya 1990 ilifanyika kampeni kubwa ya kuwaangamiza, wakapungua sana. Ilipolegea, wakajaa tena. Kiumbe mgeni akishazoea, kumtoa ni kazi ya vizazi.

"Si wako wakaguzi bandarini?"

Wapo, na kazi yao ni muhimu. Nafaka na mbegu zinazotoka nje ya nchi zinatakiwa ziwe na kibali cha kuingizwa na cheti cha afya ya mimea cha nchi zinakotoka. Mkaguzi anachukua sampuli, anaangalia, anaweza kuzuia mzigo au kuagiza ufukizwe.

Lakini mkaguzi ana macho kama yako. Fukusi wa mahindi hutaga ndani ya punje akaziba tundu, na mtoto wake anakulia humo humo. Kwa joto letu, toka yai mpaka mdudu kamili ni kama wiki tano. Polo linaweza kupita Malindi likiwa safi machoni, na mwezi mmoja baadaye likawa linatembea lenyewe. Usisahau pia kwamba si kila mzigo unapita Malindi. Mashua zinashusha Mkokotoni, na nyingine zinashusha kwenye bandari bubu ambako hata kaimu wa mkaguzi hayupo.

Kuna pia mdudu wa khapra, ambaye nchi nyingi duniani zinamwogopa kuliko mdudu yeyote wa ghalani. Asili yake ni upande wa Bara Hindi, nasi tunakula mchele mwingi wa Pakistan na India. Kiwavi chake akikosa chakula hujibanza kwenye ufa wa ukuta na kukaa miaka bila kula, akisubiri. Hebu angalieni kuta za maghala yetu ya Mji Mkongwe, zile za mawe na chokaa zilizojaa nyufa, halafu niambieni kama mkaguzi mmoja anaweza kuzimaliza.

Wapo wanaosema basi nafaka ya nje izuiwe. Siwaungi mkono. Mabonde yetu ya Cheju, Kibokwa na Mtwango yanajitahidi, lakini kisiwa hiki kinakula mchele wa Thailand, wa Pakistan, wa Mbeya, na mahindi na maharage ya bara. Mzigo ukizuiwa gati kuu, utapita bandari bubu usiku, na hapo ndipo tutakuwa hatujui lolote.

Unyevu wetu nao ni hatari

Jambo jingine ambalo wenye maduka wanalisahau: mahindi yaliyokauka vizuri Dodoma hayabaki makavu Unguja. Nafaka hunywa unyevu wa hewa. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 kwa mahindi. Ukiyaweka chini sakafuni, yakaegemea ukuta wa mawe na chokaa wakati wa masika, yatapita kiwango hicho bila tone la mvua kuyagusa. Hapo ukungu unaanza, na baadhi ya ukungu unatengeneza sumukuvu.

Sumukuvu haionekani, haina harufu ya kutegemewa, na haiishi kwa kupikwa wala kwa kuosha. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Yale hayakuwa mahindi ya meli. Yalikuwa mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 msiba kama huo ulizikumba Dodoma na Manyara.

Wafuga kuku wenzangu, msidhani hayo yanahusu ugali tu. Dunia iliijua sumu hii kupitia chakula cha mifugo. Mwaka 1960 Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Kwa hiyo ile desturi ya kusema "haya yameoza, wapewe kuku" tuiache.

Kwa nini tunaficha

Hapa ndipo penye maoni yangu hasa. Wafanyabiashara hawafichi mdudu kwa ubaya. Wanaficha kwa sababu anayesema hasara ni yake peke yake. Bi mkubwa wa duka alikuwa keshalipa nauli ya mashua, keshalipa mahamali, na pesa nyingine ni ya kikundi. Angetangaza kwamba mapolo yake yana mdudu, aliyemuuzia angemkana, wateja wangekwenda duka la pili, na pengine angekuja mtu wa ofisi kumtoza faini. Kwa hesabu hiyo, hata mimi ningenyamaza.

Kwa hiyo mahubiri ya uaminifu hayatoshi. Inatakiwa kusema kuwe na hasara ndogo kuliko kuficha. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, wenye maduka wa shehia moja wanaoagiza kwa pamoja waandikiane na muuzaji, hata kwa karatasi moja tu, kwamba mzigo utafunguliwa na kukaguliwa siku ya kushuka mbele ya mtu wake, na ukikutwa na wadudu au ukungu unarudi au bei inapungua. Muuzaji wa nafaka nzuri hatakataa. Anayekataa kashakujibu.

Pili, vikundi vitenge akiba kidogo katika kila polo kwa ajili ya mwenzao atakayekutwa na mzigo mbaya na akausema. Tunachanga kwa harusi na kwa msiba. Na hili nalo ni msiba unaoweza kuwafika wote.

Tatu, na hili nawaambia wenzangu wa ofisini pamoja na mimi mwenyewe: anayekuja na wadudu kwenye chupa apokewe kwa shukrani. Tukimpiga faini wa kwanza, hatutamwona wa pili. Faini iwe kwa aliyeficha akauza.

Fanya hivi mzigo ukishuka

1. Kagua kabla ya kulipa kilichobaki. Tumia bambo, utoe punje za juu, za kati na za chini. Mapolo yakiwa 10 au pungufu, choma yote. Yakizidi hapo mpaka 100, choma 10 ya sehemu mbalimbali, usichome yale ya mbele tu uliyopangiwa.

2. Mwaga sampuli kwenye kitambaa cheupe juani. Mdudu hapendi jua, utamwona anakimbia. Angalia punje zenye matundu, unga, ukungu, na mbegu za magugu usizozijua. Huko Arusha gugu karoti lilishaingia tangu mwaka 2010, na mbegu zake ni ndogo sana.

3. Mtofautishe fukusi na dumuzi. Fukusi ana pua ndefu iliyochongoka mbele. Dumuzi ana umbo la risasi fupi, kichwa kimejificha chini usikione ukimtazama kwa juu, na huacha unga mwingi. Ukiwa na shaka, tia wadudu kumi kwenye chupa iliyofungwa, andika tarehe na mzigo ulikotoka, umletee bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako siku hiyo hiyo.

4. Pima unyevu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokauka vizuri na punje kiasi, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka ina unyevu unaozidi asilimia 15 na haifai kuhifadhiwa. Chumvi isipoganda, bado anika kidogo zaidi.

5. Mzigo mpya usikutane na wa zamani. Uweke upande wake, juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi mtu aweze kupita na ufagio. Uangalie kila wiki kwa wiki tano, kwa sababu yai la siku ya kwanza linatoka mdudu wiki ya tano.

6. Unga wa chekeche na chenga za sakafuni zichomwe moto. Usizimwage nyuma ya duka.

7. Gunia lililotumika lisiende kwa jirani kabla ya kuchovywa kwenye maji yanayochemka na kuanikwa mpaka likauke. Naona watu wanahangaika na nafaka na kusahau gunia, na mshono wa gunia ni nyumba nzuri ya mdudu.

8. Nafaka ya kula usiipande. Kuna ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi yakiwa shambani ulioonekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, na mwaka uliofuata ukawa umeshafika Tanzania bara. Mbegu ni mojawapo ya njia zake. Punje iliyosafiri kutoka usikokujua iishie kinuni.

9. Unayetaka kuweka miezi mingi, tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile inayoitwa Kinga Njaa. Mdudu aliyemo ndani hufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Lakini tia nafaka kavu tu. Nafaka yenye unyevu itaharibikia humo humo.

Neno kuhusu vidonge

Nimeona vidonge vya kufukizia ghala vinauzwa kimoja kimoja na kutumbukizwa kwenye polo kama karafuu kwenye pilau. Naomba sana, acheni. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua watu sawasawa na inavyoua wadudu. Duka la Mji Mkongwe lina watu wanaolala juu yake na ukuta mmoja na jirani, na gesi haijui mpaka wa nyumba. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefunzwa, kwenye ghala au turubai lililozibwa vizuri, na watu wameondoka. Zaidi ya hayo, gesi ikivuja haiwamalizi wadudu. Wanaobaki ni wale sugu, na watoto wao hawatakufa kwa dawa hiyo tena.

Bi mkubwa wa duka leo

Yule bi mkubwa bado anauza. Nilirudi kwake nikamwambia wazi kuwa ushauri ule ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya. Alicheka, akasema, "Mwanangu, ungeniambia niyarudishe ningekukasirikia." Ninamwamini. Ndiyo maana nasema hatuwezi kuuacha uamuzi huu kwenye mabega ya mtu mmoja mwenye deni la nauli.

Sasa ana bambo lake, ana chupa ya chumvi juu ya kabati, na mzigo ukishuka anawaita wenye maduka wenzake wawili waje kuangalia. Mwezi wa pili mwaka huu waliyarudisha mapolo manne. Yule muuzaji alinung'unika, lakini mzigo uliofuata ulikuja safi.

Kabla masika hayajashika, kaeni na wenzenu wa shehia mzungumze hayo mapendekezo matatu. Mkikubaliana, niiteni nije na karatasi na bambo. Na ukimwona mdudu leo, nitafute leo.

Wasalaam.